Kidole tumbo: damu inalaumiwa kwa swali lisilo lake

Madaktari wengi wa upasuaji wanaviona vipimo vya damu kwa mgonjwa anayeshukiwa kidole tumbo kuwa ni desturi tu. Hoja yao si nyepesi. Chembe nyeupe za damu hupanda kwa maambukizi ya mkojo, ya mirija ya uzazi, hata kwa nimonia. Kwa mjamzito hupanda bila ugonjwa wowote. Mzee, au anayetumia dawa za steroidi, anaweza kuwa na kidole tumbo kilichooza huku hesabu ya chembe imetulia. Na tumbo lililokakamaa kama ubao halihitaji ruhusa ya maabara.

Yote hayo ni kweli. Ila kipimo kimeulizwa swali lisilo lake, kisha kikalaumiwa kwa jibu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wagonjwa 100 wamefika na maumivu ya tumbo chini upande wa kulia, na 30 kati yao kweli wana ugonjwa huu. Tuseme kipimo cha chembe nyeupe kinawanasa wagonjwa halisi 80 kati ya kila 100, na kinawapitisha salama 60 kati ya kila 100 wasio wagonjwa. Watakaokutwa na chembe zilizopanda ni 52, na wenye kidole tumbo humo ni 24 tu. Ukisoma hapo, utakitupa kipimo. Lakini hebu tazama upande wa pili: 48 wana majibu ya kawaida, na wagonjwa kati yao ni sita. Uwezekano umeshuka kutoka 30 hadi takriban 13 kwa mia, kwa kichupa kimoja cha damu. CRP, protini ya damu inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe, nayo ikiwa ya kawaida, uwezekano hushuka zaidi. Haufiki sifuri, na asiwepo wa kumrudisha mtu nyumbani kwa karatasi peke yake. Hata hivyo, kazi ya damu ni hiyo hasa: kupunguza shaka.

Kinachosahaulika zaidi ni saa. Chembe nyeupe huwahi. CRP huchelewa, kwa sababu ini huitengeneza baada ya kupata ishara za uvimbe. Huanza kupanda saa sita hadi 12 tangu tatizo lianze na kufikia kilele karibu na saa 48. Kwa hiyo CRP ya chini kwa mtu aliyeanza kuumwa saa nne zilizopita haisemi kitu. Namba ile ile kwa mtu aliyeumwa siku moja na nusu inasema mengi. Majibu yanasomwa bila kuuliza maumivu yalianza lini, halafu tunaambiwa kipimo hakiaminiki! Kwa mgonjwa mwenye dalili nusunusu, kurudia damu baada ya saa kadhaa, tumbo likipapaswa upya, kuna faida kuliko kubishania namba ya kwanza.

Wanaokidharau kipimo wenyewe wanakitegemea. Katika alama za Alvarado za mwaka 1986, ambazo daktari huzijumlisha kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, tatu kati ya 10 zinatoka kwenye damu. CT skani ni sahihi zaidi, sibishi, lakini ina mionzi, na mtoto hapaswi kuipewa kiholela. Ultrasaundi hutegemea mkono wa anayeishika.

Bilirubini, ile rangi ya manjano inayopimwa kwenye damu, ikipanda huongeza wasiwasi kwamba kidole tumbo kimepasuka, haithibitishi. Swali hilo lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa ambao hakijapasuka hutibiwa kwa antibiotiki bila kisu. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015, takriban 27 kwa mia ya waliopewa dawa walifanyiwa upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Kuchagua nani apewe dawa ni kazi ya picha kwanza. Wagonjwa wa utafiti ule walichaguliwa kwa CT. Hapo damu inabaki shahidi msaidizi, na sioni aibu yoyote katika nafasi hiyo.