ThinkPad ya IBM na ThinkPad ya Mchina: hivi tunajua tunachokilalamikia?

Ukiingia Kariakoo kutafuta laptopu ya mtumba, au Nairobi pale Moi Avenue kwenye zile wanazoziita ex-UK, huwezi kumaliza maduka matatu hujaisikia hii kauli. Muuzaji anakushikisha ThinkPad nyeusi, nzito, anagonga mfuniko kwa vidole viwili anakwambia hii ndo ThinkPad yenyewe kaka, ya enzi za IBM, sio hizi za Mchina. Mtu anatoa hela anaondoka na furaha yake.

Mimi pia nilinunua hivyohivyo. X220, ndogo, nyeusi, kona moja imechubuka. Na ile kauli niliiamini muda mrefu kabisa, mpaka siku moja nimeigeuza natafuta namba ya betri nikasoma karatasi ya chini vizuri. Lenovo, yaani huyo Mchina aliyeinunua ThinkPad kutoka kwa IBM wa Marekani. X220 ilitoka 2011. Sasa IBM walitangaza kuuza kitengo chao cha kompyuta Desemba 2004 na mauzo yakakamilika tarehe 1 Mei 2005, kwa hiyo mashine niliyokuwa naisifia kwa kila mtu kwamba ni kazi ya IBM ilizaliwa miaka sita baada ya IBM kuondoka. T420 hivyohivyo, 2011. X230 na T430, 2012. T60 ambayo mafundi wa zamani wanaiheshimu sana, 2006. Hata zile ndogo za shule, 11e, zilizojaa madukani kwetu, zimeanza 2014. Ukitaka ya IBM kweli katafute T42 au X40, na ukiipata leo kufungua nayo ukurasa wa kawaida wa intaneti ni kazi.

Ndo maana nataka tuliongelee hili vizuri, maana naona Lenovo anabebeshwa lawama ambazo nusu yake si zake, na ile nusu ambayo ni yake kweli watu hawaisemi.

Historia kwa kifupi tu kwa sababu wengi mnaijua. Oktoba 1992 ikatoka ThinkPad 700C, skrini ya rangi ya inchi 10.4, bei dola 4,350 za wakati ule. Umbo lake ni la Richard Sapper, Mjerumani aliyefanyia kazi zake Milano, wazo alilitoa kwenye kisanduku cheusi cha Kijapani cha kubebea chakula. Kidude chekundu katikati ya kibodi, cha kusogezea mshale kwa kidole, ni cha Ted Selker. Uhandisi ulifanyika Yamato, Japani, kwa kina Arimasa Naitoh. Mwaka uliofuata, Desemba 1993, ThinkPad ikapanda na chombo cha anga cha Endeavour kwenda kutengeneza darubini ya Hubble. 1995 ikaja 701C ya John Karidis, ile ambayo ukifungua mfuniko kibodi inajitandaza yenyewe mpaka inazidi upana wa mashine, na leo ipo kwenye makumbusho ya sanaa ya MoMA New York. Zote hizo ni kazi ya IBM na heshima hiyo hakuna wa kuwanyang'anya.

Ila kuna hesabu moja ambayo kila nikisikia "IBM wasingeuza" inanirudia. Wakati wa mauzo zilitoka karatasi za mahesabu za kile kitengo, na zilionyesha hivi: 2001 hasara dola milioni 397, 2002 hasara milioni 171, 2003 hasara milioni 258, halafu miezi sita tu ya kwanza ya 2004 hasara milioni 139. Jumlisha unapata milioni 965 ndani ya miaka mitatu na nusu. Nimekaa nikaigawanya hiyo namba, ni karibu milioni 23 kila mwezi, ni zaidi ya dola laki saba na nusu kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na hii si miaka ambayo ThinkPad ilikuwa mbovu, hapana, hii ndo ile miaka yenyewe ya T40, T41, T42, mashine ambazo mpaka leo watu wanazisifia kuliko zote! Ile ubora tunayoililia, ile kibodi, zile bawaba za chuma, vilikuwa vinatengenezwa na kitengo kinachovuja hela kila siku. Unaweza kusema hasara ilitoka kwenye zile kompyuta za mezani na sio ThinkPad, inawezekana, lakini mwenye kampuni alikuwa anaangalia kitengo kizima, na akili yake ilishahama zamani. 2002 IBM wamewauzia Hitachi biashara ya diski, mwaka huohuo wamenunua biashara ya ushauri ya PwC. Ukiwa na macho unaona mtu anaelekea wapi.

Kwa hiyo swali la haki halikuwa ThinkPad ibaki IBM au iende China. Swali lilikuwa aichukue anayeitaka au ibaki kwa asiyeitaka, na kubaki kwa asiyeitaka tumeshaona kunafikia wapi. Compaq ilimezwa na HP 2002, jina lenyewe leo unalikuta kwenye maboksi ya zamani. Sony waliziachia laptopu zao za VAIO 2014. Toshiba, ambao walikuwa kwenye laptopu tangu 1985, waliwauzia Sharp 2018, na 2020 wakajitoa kabisa. Lenovo walitoa dola bilioni 1.25 taslimu na hisa, wakabeba na madeni ya milioni 500, na wafanyakazi kama elfu kumi wakahamia nao. Ile maabara ya Yamato haikufungwa, baadaye ilihamia Yokohama tu, Naitoh akabaki. David Hill aliyekuwa anasimamia umbo akabaki mpaka 2017. Sapper mwenyewe aliendelea kushauriana nao. Yaani mikono ni ileile.

Halafu kuna hili la "imetengenezwa China ndo maana". ThinkPad za IBM zilikuwa tayari zinaunganishwa Shenzhen, kwenye kiwanda cha ubia wa IBM na Great Wall, kabla hata Lenovo hajaja mezani. Na mambo mengine tunayoyachukia yalianzia kwa IBM wenyewe. Waliowahi kubadilisha kadi ya waifai kwenye T40 wanaikumbuka kosa namba 1802, unaweka kadi nzima kabisa halafu mashine inakataa kuwaka kwa sababu kadi haipo kwenye orodha ya BIOS, ile programu inayoiwasha mashine, hiyo ni ya IBM. Mashine za i Series miaka ya mwisho ya tisini zilitengenezwa na Acer zikabandikwa jina la ThinkPad, hiyo pia ni ya IBM. Na zile T40 mpaka T43, kwa uzuri wake wote, zilikuwa na ugonjwa unaojulikana, unaishika kwa kona moja bodi inapinda kidogo, baada ya miaka chipu ya picha inaachia risasi iliyochomelewa nayo kwenye bodi na skrini inakufa. T60 iliyofuata chini ya Lenovo ndo ikaja na fremu ya magneziamu ndani. Kazi hiyo lazima ilianza kabla ya mauzo, nakubali, lakini waliolipia ikatoka ni Lenovo.

Sasa tuje upande wa pili, maana upo na una uzito.

Mwaka 2012 kibodi ya mistari saba ikaondolewa. Kwa ambaye hajaishika, ile ya zamani ilikuwa na vitufe sita vya Insert, Delete, Home, End na wenzake vimekaa kwa kundi lao juu kulia, kidole kinavijua bila jicho kutazama. X220 yangu ni ya mwisho mwisho kuwa nayo na naandikia hapo hapo sasa hivi. Sababu waliyokuwa nayo inaeleweka, skrini zimekuwa pana na fupi, nafasi ya kibodi imepungua. Ila hawakuwa wamebanwa kiasi hicho.

Halafu 2013 wakafanya lile ambalo mimi sijawahi kuwatetea. Kizazi cha T440 na X240 kilitoka bila vile vitufe vitatu vya juu ya tachipedi, vile ambavyo ndo vinakifanya kidude chekundu kiwe na maana. Fikiria, kidole cha shahada kiko kwenye kidude, gumba linashuka kutafuta kitufe, halipati kitu, linagusa bamba laini linalozama lote zima kama ubao uliolegea misumari na mshale unaruka. Miaka ishirini watu wamezoea mkono kukaa sehemu moja! Hapo aliyesema Lenovo hawaijui ThinkPad alikuwa na haki yake yote. Waliwasikia lakini, vizazi vya T450 na X250 vya 2015 vikarudishiwa vitufe, na 2017 wakatoa toleo la miaka 25 lenye kibodi ya mistari saba.

Kuna na suala la kuaminika. 2006 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imenunua kompyuta kama 16,000 za Lenovo, wabunge wakapiga kelele, ikaamuliwa zitumike kwenye kazi zisizo za siri tu. Ile naiona ilikuwa siasa zaidi. Lakini 2015 kwenye Superfish sina cha kuwatetea, programu ya matangazo iliyowekwa kiwandani na ikavunja usalama wa mawasiliano ya mteja na tovuti zake, mpaka za benki. Ilikuwa kwenye laptopu zao za nyumbani na wakasema ThinkPad haikuguswa, sawa, ila mtu akikosa imani na jina lililopo kwenye kifuniko huwezi kumlaumu.

Lakini kosa kubwa kwetu sisi wa huku, na hili ndo nashangaa halisemwi, ni memori (RAM) na betri.

Siku moja rafiki alinimwagia kikombe kizima cha chai ya maziwa juu ya kibodi ya ile X220. Niliichomoa umeme na betri palepale, kubonyeza na kuvuta tu, chai ikashuka kwenye yale matundu ya chini yaliyowekwa makusudi kwa ajili hiyo, ikatengeneza dimbwi mezani. Kesho yake fundi wangu akaifungua kwa bisibisi moja. Skrubu za kibodi zina alama ndogo ya kibodi chini ya mashine, za memori zina alama ya chipu, huhitaji kubahatisha, na mwongozo wa kuifungua kampuni wenyewe wameuweka wazi bure. Akaosha kibodi, akaikausha kwenye jua, tukarudisha. Nikiwa pale pale nikaongeza na memori, nilinunua kijiti kilichotumika akakichomeka. Jumla ya kazi yote nusu saa bila kuhesabu kukauka.

Chukua sasa X1 Carbon, iliyoanza 2012. Nzuri, nyepesi, kwa mtu wa ofisini London ni raha tupu. Memori imechomelewa kwenye mazabodi. Betri iko ndani. Ikija kwetu baada ya kampuni ya huko kuitumia miaka mitatu minne na kuiuza kwa mafungu, ikapitia Dubai ikafika Kariakoo, ina memori iliyozaliwa nayo na itakufa nayo. Kwenye mashine za T wakafuata polepole: T480 ya 2018 ndo ya mwisho kwenye mstari ule kuwa na betri ya kuchomoa nje na nafasi mbili za memori, T490 ya 2019 betri imeingia ndani na nusu ya memori imechomelewa. Huyo wa kwanza ambaye kampuni ilimfikiria ana mkataba wa matengenezo. Mtumiaji wa pili, mwanafunzi wa chuo Dodoma ama mwenye stationery Mwanza, hakuwepo kwenye mahesabu.

Je ni Mchina aliyetufanyia hivyo? Hapa ndo naona tunakosea mtu. MacBook Air ilitoka Januari 2008, na kuanzia hapo wanunuzi wakubwa wote walitaka kitu chembamba, Dell wakafuata, HP wakafuata, mashine nyembamba nyingi zikawa zinachomelewa. IBM angekuwepo angechomelea pia, tena mapema, maana ndo kampuni iliyokuwa inasaka pa kubana gharama. Tofauti ninayoiona ni kwamba 2024 Lenovo wameanza kuufungua tena ule mlango walioufunga: T14 ya kizazi cha tano waliitengeneza wakishirikiana na iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengeneza, ikapata 9 kwa 10. Nafasi mbili za memori zimerudi. Betri bado iko ndani lakini inatoka bila gundi.

Hizo za 2024 kwetu zitaanza kufika kwa wingi mikataba ya makampuni ya huko ikiisha, 2027, 2028 hivi. Zinazomiminika madukani sasa ni za katikati, za 2019 kuja mbele, ambazo nyingi angalau nusu ya memori imechomelewa. Kwa hiyo ukisimama pale dukani na muuzaji akaanza habari za IBM na Mchina, muulize mambo mawili tu, memori ni kiasi gani kwenye bodi na kuna nafasi ngapi ya kuongeza, na kama hajui mwombe aifungue mbele yako kabla hujatoa hela.