Haibridi ya mtumba kwa barabara za Mjini Unguja

Sisi Wazanzibari tunaoishi Uingereza tunapenda kulisifu gari la haibridi kwa jamaa walioko nyumbani, kana kwamba linalofanya vizuri London litafanya vizuri vivyo hivyo Mwanakwerekwe. Rai yangu ni tofauti kidogo. Mashine yenyewe inaufaa Mji wa Zanzibar kuliko inavyotufaa sisi huku, ila vile vinavyoifanya mashine hiyo inunulike kwa amani, yaani kumbukumbu zake, mafundi wake na matunzo yake, viko huku zaidi kuliko huko. Anayetafuta SUV ya haibridi iliyotumika kwa safari za mjini hana budi kuyapima yote mawili, kwa sababu dalali atamweleza la kwanza tu.

Nianze na mashine. Haibridi ya kawaida ina injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kuurudisha umeme kwenye betri, na gari likisimama au likijikokota, injini hujizima yenyewe. Faida yake, basi, iko penye foleni. Vipimo rasmi vya Marekani vya Toyota RAV4 ya mwaka 2019 vinalionesha jambo hili waziwazi: ya haibridi huenda kama kilomita 17 kwa lita moja mjini na 16 kwenye barabara kuu, ilhali ya petroli tupu huenda kama kilomita 11 mjini na 15 kwenye barabara kuu. Kwa maneno mengine, anayekwenda masafa marefu kwa mwendo wa kasi anapata faida ndogo, na anayekwama kila asubuhi baina ya Kiembesamaki na Darajani, nyuma ya daladala inayosimama kila hatua, ndiye anayeokoa mafuta hasa.

Hali ya hewa nayo iko upande wa nyumbani, kwa kiasi chake. Huku, baridi ikiingia, injini huwaka mara kwa mara ili kupasha joto ndani ya gari tu, hata ukiwa umesimama kwenye taa, na ile akiba ya mafuta uliyoihesabu wakati wa kiangazi hupungua. Nyumbani injini haina kazi hiyo. Zaidi ya hayo, kiyoyozi cha haibridi za Toyota huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, kwa hivyo watoto waliokaa nyuma wakirudi skuli saa saba za mchana hubaki kwenye ubaridi huku injini ikiwa kimya. Pemba pia isisahauliwe, kwani vilima vya baina ya Chake Chake na Wete hurudisha umeme kwenye betri kila gari linapoteremka.

Mtoto wa kaka yangu, aliyenitaka ushauri, aliniuliza: “Ami, sasa umeme ukikatika wiki nzima, nitakwendaje kazini?” Sikumcheka, kwa sababu kila aliyekuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokosekana kwa takriban miezi mitatu, anajua kukatika kwa umeme kunaweza kufika wapi. Nilimjibu kuwa haibridi ya kawaida haichomekwi popote na umeme wake inauzalisha yenyewe, ila zipo aina za kuchomeka, kama vile Outlander PHEV ya Mitsubishi, ambazo kwa mtu asiye na umeme wa uhakika nyumbani ni kulipia betri kubwa asiyoitumia ipasavyo.

Tofauti kubwa baina ya huku na huko iko kwenye kununua. Uingereza gari likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma matokeo ya ukaguzi huo bure kwenye mtandao: lilikuwa limekwenda maili ngapi, lilifeli kwa nini, na kutu ilianza kuonekana mwaka gani chini ya bodi. Sheria ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa muuzaji wa biashara siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Nyumbani gari limeshuka bandarini Malindi, limeoshwa, viti vimepigwa dawa, na ukiuliza historia yake unaambiwa kuwa mwenyewe alikuwa mzee wa Kijapani aliyelitumia kwenda sokoni. Labda ni kweli. Lakini magari mengi yanayotoka Japani hupitia mnadani, na mnada huandika karatasi ya ukaguzi yenye daraja la gari na kilomita zake. Muuzaji asiyetaka kuionesha karatasi hiyo ameshajibu swali lako.

Kwa haibridi, karatasi peke yake haitoshi. Tazama kwenye kiti cha nyuma. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yana tundu la hewa karibu na kiti hicho, lenye kichujio chembamba, ambalo betri kubwa huvutia hewa ya ndani ya gari ili ipoe. Kwetu tundu hilo hujaa vumbi na mchanga wa ufukweni, au huzibwa na mizigo, nayo betri ikaharibiwa na joto polepole bila ya mwenyewe kujua. Ndiyo maana wale wanaozima kiyoyozi na kufungua vioo mchana kutwa ili kubana mafuta wanaokoa senti na kuharibu kitu cha bei kubwa. Kisha liendeshe gari asubuhi, kabla muuzaji hajalipasha moto: ikiwa alama ya chaji inashuka ghafla kutoka juu hadi chini na kupanda tena ndani ya dakika chache, betri imechoka. Liunganishwe pia na kompyuta ili volti za kila sehemu ya betri zisomwe gari likiwa linakwenda. Betri ya RAV4 ya haibridi ya mwaka 2016 ina moduli 34, yaani vipande vilivyounganishwa pamoja, na kubadilisha moja iliyokufa ukaziacha kuukuu 33 ni kujinunulia muda mfupi tu.

Mafundi wetu wa Unguja siwadharau hata kidogo. Injini ya Toyota wanaifungua usiku kwa taa ya simu. Ila waya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa wa haibridi, hazitaki ujasiri. Lazima plagi ya usalama itolewe, umeme uliobaki usubiriwe upungue, na glavu za umeme mkubwa zivaliwe. Asiyekuwa nazo asiguse. Chumvi nayo ina hesabu yake: Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kebo ya umeme ya mota ya nyuma ya RAV4 za haibridi za kuanzia 2019 imejulikana kwa kuliwa na kutu kwenye kiungio, na wenzetu wanaopitisha magari ufukweni maji yakitoka wana sababu ya kuangalia huko chini.

Nina neno kwa wahamiaji wenzangu wanaonunua gari la kuendeshea wakati wa likizo, kisha wanalifunika turubai uani mpaka mwakani. Haibridi ndiyo gari baya kuliko yote kwa matumizi hayo. Betri ndogo ya volti 12 hufa ndani ya wiki chache na gari halikubali kuwaka, na betri kubwa ikikaa miezi bila kuchajiwa huharibika. Wa namna hiyo anunue petroli tupu, au ampe ndugu anayekwenda kazini kila siku alitumie, naye akija atalikuta zima.

Mtoto wa kaka yangu anapeleka watoto skuli, anakwenda kazini Mjini na kurudi Fuoni kila siku, kwa hivyo yeye nimemshauri anunue. Nimemwambia atafute Harrier au RAV4 yenye karatasi ya mnada, apate kwanza fundi mwenye glavu na kompyuta, na aweke kando fedha za betri kabla hajaulizia rangi.