Kule Reykjavik Nani Alitolewa Kafara?

Julai 11, 1972, mjini Reykjavik, katika mchezo wa kwanza wa kuwania ubingwa wa dunia wa chesi, Mmarekani Bobby Fischer alifanya kosa ambalo hata mtoto anayejifunza angekemewa. Ubao ulikuwa karibu mtupu na sare ilikuwa inanukia. Kwenye hatua ya 29 akaituma kete yake ya askofu ikamle askari, kete ndogo kabisa, wa ukingoni upande wa Boris Spassky, bingwa mtetezi kutoka Umoja wa Kisovieti. Spassky akasogeza askari mwingine kwa nafasi moja tu, mlango ukafungwa, askofu akabaki ndani. Mchezo ukaendelea kesho yake, na kwenye hatua ya 56 Fischer akakubali kushindwa.

Mpaka leo wachezaji wanabishana kuhusu askofu yule. Ilikuwa tamaa? Kiburi? Au hesabu tu ilimpotea? Filamu ya Pawn Sacrifice, iliyoongozwa na Edward Zwick na kuonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2014, haina subira na ubishi wa namna hiyo. Kwake kila tendo la Fischer lina maelezo yaleyale: kichwa cha huyu bwana kilikuwa kinapasuka, na Vita Baridi ndiyo iliyokuwa inakipasua. Jina la filamu limebeba hoja nzima. Kwenye chesi unaweza kumtoa askari wako kwa makusudi aliwe, ili upate faida kubwa mbele ya safari. Kwa mujibu wa filamu, askari ni Fischer, na wanaocheza ni Washington na Moscow.

Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nimekubali. Mara ya pili nikajikuta namwangalia zaidi mtu wa kiti cha pili, Spassky, na hapo ndipo hoja ilipoanza kunilegea.

Tuanze na haki ya filamu, maana inayo, na si ndogo. Fischer alizaliwa Chicago mwaka 1943 akakulia Brooklyn na mama yake, Regina, mwanamke msomi wa mrengo wa kushoto aliyewahi kusomea udaktari Moscow miaka ya 1930. Wapelelezi wa Marekani, FBI, walimfuatilia mama huyu kwa miaka mingi na faili lake likafika mamia ya kurasa. Kwa hiyo mtoto anayekua akiambiwa kuna watu nje wanatuangalia hakuwa anasimuliwa hekaya. Walikuwepo kweli.

Halafu kuna Curaçao, 1962, mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa. Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walicheza wao kwa wao michezo 12. Yote 12 sare. Wakapumzika huku wengine wakitoana jasho. Fischer, kijana wa miaka 19, akapiga kelele kwenye jarida la Marekani kwamba Warusi wanapanga matokeo. Wengi walimwona mtu aliyeshindwa anayetafuta pa kutupia lawama. Lakini shirikisho la chesi la dunia likabadilisha utaratibu, mashindano yale yakageuzwa kuwa mapambano ya mtu kwa mtu, na miaka mingi baadaye Wasovieti wenyewe, akiwemo Yuri Averbakh, wakakiri kwamba makubaliano yalikuwepo. Sasa mtu ambaye shaka zake mbili zimethibitika kuwa kweli, utamwambia nini shaka ya tatu ikimjia, kwamba anaota?

Na hofu hiyo haikuwa ya Fischer peke yake. Agosti ile ya 1972, Spassky akiwa nyuma kwa pointi, ujumbe wa Kisovieti ulilalamika rasmi kwamba Wamarekani huenda wanatumia vifaa vya elektroniki au kemikali kumvuruga bingwa wao. Viti vikapigwa eksirei. Taa za ukumbini zikafunguliwa. Kilichopatikana ndani ya taa ni nzi wawili, wamekufa. Hawa walikuwa watu wazima wenye vyeo na suti, wametumwa na dola, na hakuna aliyewaita wagonjwa. Hapa filamu inafanya kazi nzuri kuliko mahali pengine popote: Liev Schreiber, anayemwigiza Spassky, anakaa kwenye kiti kama mtu anayesikia kitu na anaona aibu kuuliza kama wenzake nao wanakisikia. Inapomweka Spassky na shaka zake pembeni ya Fischer na shaka zake, filamu inasema jambo la maana kuhusu enzi ile bila kulitamka.

Ila rudi sasa kwenye jina lake, kwamba Fischer alikuwa askari aliyetolewa.

Methali ya tembo wawili na nyasi inakimbilia mdomoni hapa, lakini nyasi hizi zilikuwa na madai, na madai yalilipwa. Fischer alikataa kusafiri mpaka mfuko wa zawadi uongezwe. Tajiri wa Kiingereza, Jim Slater, akaweka pauni 50,000, na dola 125,000 zikawa 250,000. Henry Kissinger, mshauri wa Rais wa Marekani, akampigia simu. Rais wa shirikisho, Max Euwe, akaahirisha ufunguzi ingawa kanuni hazikumruhusu. Fischer alipofika akalalamikia kamera, na zilipoendelea kuwepo hakutokea kabisa kwenye mchezo wa pili, akapoteza mezani, kama tunavyosema mpirani. Matokeo yakawa mbili bila kwa Spassky. Akasema ataendelea ikiwa tu mchezo wa tatu utafanyika faragha, mbali na ukumbi, na ukahamishiwa kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa kikitumika kwa tenisi ya meza.

Askari gani huyo? Kwenye sataranji, kama mchezo huu ulivyoitwa pwani kabla hatujaanza kusema chesi, kete inayofanana na Fischer ni shaha, yaani mfalme. Shaha ndiye asogeaye kidogo kuliko wote, nafasi moja moja, na bado kila kete ubaoni ipo kwa ajili yake. Akijikwaa, farasi na ngome wanakimbia kumkinga. Pale Reykjavik wakili, padri, tajiri wa London na mshauri wa Rais wa Marekani wote walikuwa mbioni kwa sababu mtu mmoja amejifungia chumbani.

Ukimtafuta askari, mwangalie Msovieti Mark Taimanov. Mwaka 1971, Vancouver, alifungwa na Fischer sita bila. Aliporudi nyumbani forodha wakampekua, wakakuta kitabu cha Solzhenitsyn, mwandishi aliyepigwa marufuku kwao, kwenye mizigo, na adhabu ikamwangukia: mshahara ukakatwa, safari za nje zikafungwa. Kitabu kilikuwa kisingizio, na kosa lenyewe lilikuwa zile sita. Huyu alikuwa pia mpiga piano wa majukwaani, mtu wa heshima zake, akageuzwa mfano kwa sababu ya michezo sita. Hadithi ya namna hii haipati nafasi inayostahili kwenye filamu yenye jina la kafara.

Na mwangalie Spassky mwenyewe. Mbili bila, mpinzani amejifungia, kanuni ziko upande wake. Wakubwa wake Moscow walitaka afunge mizigo arudi nyumbani na taji lake. Angeondoka, historia isingemlaumu. Akakataa. Alitaka kucheza. Akakubali kile chumba cha nyuma, akaingia, akakaa, akapoteza. Kabla ya siku hiyo Fischer hakuwahi kumshinda hata mara moja, na kabla ya Reykjavik Spassky alikuwa na ushindi mara tatu na sare mbili dhidi yake. Ukiniuliza taji lilipotea wapi, nitakuelekeza kwenye chumba kile, na aliyefungua mlango alikuwa Spassky kwa hiari yake.

Filamu inakwea mpaka mchezo wa sita na kuufanya kilele, na kwa hilo siwezi kuilaumu. Fischer, ambaye karibu maisha yake yote alifungua kwa askari wa mbele ya mfalme, siku hiyo alianza kwa askari wa upande mwingine, akaingia kwenye ufunguzi ambao Spassky aliujua kama kiganja chake. Akamchezea nyumbani kwake, akamshinda nyumbani kwake. Ukumbi ukapiga makofi na Spassky akapiga nao. Dakika hizo Schreiber hasemi karibu chochote, na uso wake unabeba kila kitu. Tobey Maguire ni hodari pia, ila Fischer anayemcheza anatetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho. Ile furaha ya kikatili ya kijana wa miaka 29 anayejua hakuna duniani wa kumfikia, hiyo sikuiona, na bila hiyo huelewi kwa nini watu walimvumilia.

Kuna tatizo lingine ambalo si la waigizaji. Chesi haionekani. Anayekaa kwenye baraza la bao anajua nani ana hali mbaya hata kabla hajatazama mashimo: kete zinavyomwagwa, wazee wanavyocheka au kunyamaza. Chesi haina baraza la namna hiyo, ni watu wawili kimya, kwa hiyo Zwick anaujaza ukimya huo kwa mlio wa kamera, kikohozi, na sauti zilizomo kichwani mwa Fischer. Ni ufundi, lakini una gharama yake. Mtazamaji asiyejua mchezo anaondoka akidhani fikra kubwa na ugonjwa ni kitu kimoja. Mira Nair, miaka miwili tu baadaye, alimchukua askari huyohuyo akamsoma kinyume katika Queen of Katwe: kule Kampala, Phiona Mutesi anafundishwa kwamba kete ndogo kabisa ikivuka ubao inakuwa malkia. Filamu hiyo ina sukari zaidi ya ninavyopenda, lakini angalau watoto wake wanacheza chesi.

Turudi kwenye ubishi wenyewe. Kama siasa ndiyo iliyomvunja Fischer, angalia kilichotokea ilipomwacha. Alitwaa taji Septemba 1, 1972, kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5, Spassky akikubali kushindwa mchezo wa 21 kwa simu. Baada ya hapo, hakuna mchezo rasmi hata mmoja kwa miaka 20. Mwaka 1975 alipotakiwa kutetea taji dhidi ya mpinzani mpya, Anatoly Karpov, alituma masharti. Shirikisho likakubali ushindi kumi ndio uamue na idadi ya michezo isiwe na kikomo. Likagoma kwenye sharti moja, kwamba wakifikia tisa kwa tisa bingwa abaki na taji. Akaliachia taji bila kugusa kete. Hakukuwa na FBI mlangoni wala Msovieti aliyepanga sare. Mimi nasoma hivi: ule ushindani wa mataifa ulikuwa boriti iliyokuwa inamshikilia. Ulimpa adui halisi, mwenye jina na anwani. Ulipokwisha, adui akawa kila mahali.

Mtetezi wa filamu atanijibu, na jibu lake si jepesi. Boriti ikitoka nyumba ikaanguka, hiyo si sababu ya kuisifu boriti, ni kukiri kwamba nyumba iliharibiwa mapema. Ataongeza mwaka 1992. Fischer alicheza marudiano na Spassky huko Sveti Stefan na Belgrade, mfuko wa dola milioni tano, Yugoslavia ikiwa chini ya vikwazo. Serikali ya Marekani ikamwandikia barua ya onyo. Akaitemea mate mbele ya waandishi wa habari, akashinda pambano, na hakurudi tena Marekani. Nchi iliyompigia simu mwaka 1972 ikatoa hati ya kumkamata. Hapo, nakiri, jina la filamu linamkaa vizuri, na inashangaza kwamba filamu imeyaacha hayo kuwa maneno machache ya mwishoni.

Mahali ninapogoma kabisa ni chuki yake kwa Wayahudi. Mama yake alikuwa Myahudi, na yeye alimwaga matusi dhidi yao miongo kadhaa, mpaka kufikia Septemba 11, 2001, alipoingia kwenye redio ya Ufilipino kushangilia mashambulizi. Filamu inayaonyesha maneno ya aina hiyo kama dalili, kama homa. Huenda ni sehemu ya ugonjwa. Lakini mamilioni ya watu wamepata shida za akili bila kumchukia jirani yao, na anayesema ugonjwa wenyewe ndio uliomjaza chuki hiyo anawadhulumu wagonjwa wengine wote ili kumwokoa bingwa mmoja.

Kuna maongezi kati ya wakili, Paul Marshall, na padri William Lombardy, ambaye alikuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa chesi, na msaidizi wa Fischer kule Reykjavik. Inaulizwa kama mtu huyu hapaswi kupelekwa kwa daktari. Padri anajibu kwamba kumpa dawa ni sawa na kumwaga zege kwenye kisima kitakatifu. Mstari unapita haraka, filamu inasonga mbele. Mimi ningeusimamisha hapo. Hakuna Kissinger kwenye chumba kile, hakuna jasusi. Ni marafiki wawili wanaompenda, wanapima afya yake na taji, na wanachagua.

Mwaka 2004 Fischer alikamatwa uwanja wa ndege wa Narita, Japani. Iceland ikampa uraia mwaka uliofuata, na akafia Reykjavik Januari 2008 akiwa na miaka 64, idadi ya nyumba za ubao. Alipokuwa kizuizini, mmoja wa waliomwandikia Rais Bush kumwombea alikuwa Spassky. Aliomba kwamba, ikishindikana kumwachia, basi na yeye akamatwe kwa kuwa walitenda kosa moja, wawekwe selo moja, wapewe na ubao wa chesi.