Mgeni wa Amu na Saa Yake ya Mkono

Jamani, hawa wageni wa bara watatumaliza. Mtu anakuja Amu, yaani Lamu, kupumzika, lakini kaja na ratiba kama ya mkutano wa bajeti: saa tatu magofu ya Takwa, saa sita samaki wa kuchoma kisiwani Manda, saa tisa kuogelea ufuoni Shela. Maji yanajaa saa ngapi? Hilo hakuuliza. Anaona bahari ipo tu siku zote.

Takwa, kwa taarifa yake, iko Manda, na njia ya mashua ni mkono wa bahari unaopenya kwenye mikoko. Hupitika maji yakijaa, basi. Mgeni anateremka, anazunguka magofu, anapiga picha ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kisha anajilaza kivulini na simu. Akirudi, mashua imelala ubavu kwenye tope. Sasa ndio anaanza: "Nahodha, fanya mpango." Mpango gani, bwana? Maji hupwa kwa saa 6 hivi, na saa 6 nyingine kujaa. Akishuka kusukuma, tope linabaki na ndara, mguu unatoka peke yake. Ingieni maji yakiwa bado yanajaa, mtoke kabla hayajageuka. Na saa ya jana si ya leo: kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Kwenda Shela kwa miguu ni kama kilomita 3 kando ya bahari. Siku za bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa yanafunika njia, na huyo hapo na begi la magurudumu! Begi la magurudumu Amu! Vichochoro vina vidaraja na mavi ya punda, gurudumu litapita wapi? Lipe punda. Au panda mashua, ila wakati wa kusi, upepo wa kusini, tanga halielekei Shela moja kwa moja. Ni kupiga bisha, huku na huku, na ukiambiwa hamia goshini, upande unakotoka upepo, hamia. Usiulize mara mbili wakati chombo kinainama.

Halafu kuvua. Wanataka changu siku ya bamvua, mkondo unakimbia, chubwi, ule uzito wa mshipi, halitui. Mshipi unakwenda mshazari, chambo kinaelea juu, na changu wako chini mwambani. Ngojeni maji mafu, yale yasiyo na nguvu, kama wiki moja baadaye, mshipi ushuke wima. Chambo nacho: kipande kidogo cha ngisi kinachofunika ncha ya ndoana, kwisha. Mgeni anatundika ngisi nusu, changu wanamdonoa pembeni wakashiba, yeye anavuta ndoana tupu na kusema bahari ya Amu haina samaki.

Bei ndiyo kabisa. Ulizeni kabla ya kupanda: ni ya chombo au ya kichwa? Kwenda tu au na kurudi? Chakula kimo? Mgeni anauliza "ngapi?", anatajiwa, anacheka, anapanda. Manda anakuta makaa yamewaka, ndimu zimekatwa, wali wa nazi uko tayari, samaki hayupo. Anakuja juu: samaki wangu wako wapi? Samaki, ndugu yangu, ni wale uliotakiwa uvue.