Falerii Novi: Mji Uliochorwa Kabla ya Kuchimbwa

Kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Roma upo ukuta mrefu wa mawe ya volkano, wenye minara na lango ambalo juu ya tao lake kimechongwa kichwa kinachosadikiwa kuwa cha Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Ndani ya ukuta huo, ukiacha kanisa la Santa Maria di Falleri la karne ya 12 na majengo machache, kuna mashamba tu. Huo ndio mji wa Falerii Novi, na hoja iliyopo ni kama tuuchimbe au tuuache ulale.

Mji huu ulizaliwa na adhabu. Mwaka 241 KK Wafalisci, watu wa eneo hilo, waliasi, Roma ikawashinda ndani ya siku sita na kuwanyang'anya nusu ya ardhi yao. Zonaras, mwanahistoria wa Bizanti aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja baadaye, anasema mji wao wa kale uliokuwa juu ya genge la mwamba ulibomolewa, ukajengwa mwingine mahali rahisi kufikika. Katika Enzi za Kati watu walirudi kwenye genge lilelile, ambako sasa ni Civita Castellana. Hivyo Falerii Novi haukujengewa juu, na mpangilio wake ukahifadhika.

Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Ghent walitangaza ramani ya eneo lote la hekta 30.5 bila kuinua jembe. Walikokota rada inayopenya ardhini kwa pikipiki ya magurudumu manne, ikipima kila baada ya sentimita 12.5, wakapata hekalu, soko, mabafu, jengo kubwa la nguzo karibu na lango la kaskazini, na mabomba ya maji yanayopita chini ya nyumba.

Wanaotaka mji uachwe wana hoja nzito. Kuchimba ni kuharibu: tabaka likishaondolewa halirudi. Tena ukuta uliofukuliwa huanza kuliwa na mvua na mizizi siku hiyohiyo. Hata Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, wenye jina na wageni wake wote, ulipoteza jengo la Schola Armaturarum lililoporomoka mwaka 2010. Nani atalipia paa la mji ambao wengi hawajausikia?

Hata hivyo, rada huonyesha umbo na kina, haitoi tarehe. Mabomba kupita chini ya nyumba kunaashiria kwamba yalilazwa kwanza, yaani mji ulipangwa mapema. Lakini mapema lini? Ni mwaka ule wa adhabu, kwa amri ya Roma, au vizazi kadhaa baadaye, kwa fedha za Wafalisci wenyewe waliokwisha kutajirika? Picha ya rada, hata iwe safi namna gani, inakubaliana na majibu yote mawili.

Kwa maoni yangu, uchimbaji ulioanza mwaka 2021 chini ya British School at Rome pamoja na vyuo vikuu vya Harvard na Toronto una haki ya kuendelea, mradi mashimo yawe machache, yafuate swali na kisha yafukiwe. Hofu yangu ni kwamba jembe huvutwa na majengo makubwa, na mahekalu hayakosi wafadhili. Mimi ningeanza na bomba. Kigae kimoja cha chungu cha aina inayojulikana, kikiokotwa chini yake, kitaonyesha kwamba bomba haliwezi kuwa la zamani kuliko chungu hicho.