Mizizi ya juujuu na mfuko wa DAP

Machi, kwenye miteremko ya Uporoto juu ya jiji la Mbeya, maharage hupandwa mahali ambapo hata kusimama wima ni kazi. Mbolea ya kupandia huwa imeshakwenda kwenye viazi na mahindi. Maharage aghalabu huachiwa makombo.

Ndiyo maana utafiti wa Jonathan Lynch, mwanasayansi wa mimea wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, unavutia masikio huku kwetu. Kwa miongo kadhaa amechunguza jinsi mizizi inavyotafuta chakula kwenye udongo maskini. Fosforasi, tofauti na naitrojeni inayosafiri na maji, karibu haitembei: hunaswa na chembe za udongo, na mzizi huambulia ile iliyo milimita chache tu kando yake. Tena imejaa zaidi tabaka la juu, ambako masalia huozea na mbolea humwagwa. Basi mharage unaotandaza mizizi juujuu, wenye vinyweleo virefu kwenye mizizi hiyo, hupata zaidi. Katika majaribio ya Msumbiji yaliyochapishwa mwaka 2015, kwenye udongo wenye fosforasi haba, maharage yenye sifa zote mbili yalifikia karibu mara nne ya uzito wa yale yasiyo na hata moja.

Wanaopinga mbegu ya namna hiyo wana hesabu yao, nami naiheshimu. Mbegu haitengenezi fosforasi, inaikamua. Tani moja ya maharage huondoka shambani na takriban kilo 4 hadi 5 za fosforasi, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, una kama kilo 10. Kwa hiyo kila tani mbili zinazoshushwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, zimebeba fosforasi ya karibu mfuko mzima, na inayoishia kwenye vyoo vya shimo vya mjini hairudi Uporoto.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba udongo wote ni mmoja. Rungwe na Uporoto ni nchi ya majivu ya volkano. Fosforasi ipo, lakini imefungiwa. Hata ya DAP hunaswa, na mmea msimu wa kwanza hupata sehemu ndogo, mara nyingi chini ya robo. Hapo mzizi hodari haushindani na mfuko, unaukomboa. Mufindi na Njombe ni habari nyingine: udongo mkongwe, wenye tindikali, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi. Huko ghala lenyewe ni dogo, na mbegu inayokamua bila samadi wala chokaa ya kilimo itafika kwenye sakafu mapema.

Lynch na wenzake hawakulikwepa swali la ukamuaji. Walilipeleka kwenye mashamba ya miteremko Amerika ya Kati, wakajibu kwamba maharage yanayostawi hufunika ardhi na kupunguza udongo unaosombwa na mvua, pamoja na fosforasi yake. Kwa mtu aliyeona maji mekundu yakiteremka Uporoto mwezi wa Aprili, hilo si jibu la kupuuza.

Wasiwasi wangu uko kwenye maji. Mizizi ya juujuu ndiyo ya kwanza kuona kiu, na utafiti wa timu hiyohiyo umeonyesha kuwa yenye kina huvumilia ukame vizuri zaidi. Sisi tunapanda Machi ili maharage yakomae mvua ikikata Mei. Mbegu iliyong'ara Msumbiji inaweza kuja kuungua hapa wiki za mwisho, maganda yakiwa ndiyo yanajaza. Hata ikivuka hapo, mnunuzi hanunui mzizi. Anataka rangi ya Uyole Njano, aina ya maharage ya njano, na anataka chungu kiive kabla mkaa haujaisha.

Kuna na siasa. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, tarehe 8 Agosti 2022. Siku bajeti ikibana, mtu atasema wakulima wana mbegu isiyohitaji mfuko. Atakuwa amesoma nusu ya utafiti.

Ningepewa mimi kuchagua pa kuanzia, ningekiachia kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kivushe sifa hizo kwenye maharage ya njano, tupande Uporoto kabla ya Mufindi, nusu ya shamba na DAP kidogo na nusu bila, na tupande Machi.