The Elephant Man: huruma imejaa, ila yeye mwenyewe alitaka nini?

Kwa ambaye hajaiona, The Elephant Man ni muvi ya 1980 ya David Lynch, nyeusi na nyeupe, London ya enzi za Malkia Victoria. Kijana mwenye uvimbe mkubwa kichwani na mwilini (mtu aliyeishi kweli, Joseph Merrick) anaonyeshwa kwa kiingilio, bosi wake mlevi anaitwa Bytes anampiga, halafu daktari Frederick Treves (Anthony Hopkins) anamtoa huko anampeleka hospitali na mpaka wakubwa wa mji wanakuja kunywa naye chai. Watu wanalia sana kwenye hii muvi, na mimi nimo.

Sasa huyo Bytes ni wa kutunga. Aliyemuonyesha pale Whitechapel Road mwaka 1884 ni Tom Norman, na Norman alisema mapato walikuwa wanagawana nusu kwa nusu. Sawa, mfanyabiashara lazima ajisafishe, tumuweke pembeni. Lakini kuna kitu hakitegemei mdomo wa Norman: Joseph Merrick (ndio, Joseph, muvi inamwita John kwa sababu Treves kwenye kitabu chake cha 1923 alimwita hivyo, yaani hata jina hawakumwachia) aliingia kwenye nyumba ya kuhifadhi maskini ya Leicester akiwa na miaka 17, mahali pa kazi ngumu na chakula cha shida, akachoka, yeye mwenyewe akamwandikia mchekeshaji mmoja wa majukwaani anaitwa Sam Torr kwamba anataka kuonyeshwa apate hela. Na hela alipata, akaweka akiba, mpaka promota mwingine alipomuibia huko Ubelgiji.

Hiyo yote muvi imeifuta. Merrick wa Lynch anabebwa tu, huyu anamtesa, yule anamuokoa, na uamuzi mkubwa wa kwake karibu ni ule wa mwisho, kulala chali kama watu wengine wakati anajua kichwa chake hakiruhusu, akilala hivyo atakufa.

Wanaoitetea wana hoja, tena nzito. Wanasema kuchagua kati ya ile nyumba ya maskini na kuonyeshwa kama kituko ni uchaguzi gani huo? Pia muvi haimfanyi Treves malaika, kuna matroni (mkuu wa wauguzi) anamwambia usoni kwamba huyu kijana anakodolewa macho upya, safari hii na matajiri, na usiku Treves anakaa anamuuliza mkewe kama yeye ni mtu mwema au mbaya. Halafu Lynch anaficha sura ya Merrick karibu nusu saa nzima, sisi tunasubiri kwa hamu kama wale waliolipa kiingilio, kisha tunaionea aibu hamu yetu. Hapo namvulia kofia.

Ila angalia, anayepewa swali la dhamiri ni daktari, Merrick haulizwi chochote. Na huo ukombozi wenyewe ulikuwaje? Hospitali ile haikuwa ya kukaa wagonjwa wasiopona, kwa hiyo Desemba 1886 mwenyekiti wake, Carr Gomm, aliandika barua gazeti la The Times, wasomaji wakachanga, ndio akapata vyumba vya kuishi mpaka alipofariki 1890 akiwa na miaka 27. Kwangu hapo ndio penye utata, maana kwa Norman alikula kwa sababu watu wanamshangaa, hospitali akala kwa sababu watu wanamsikitikia. Alilala pazuri zaidi, akapata usalama na marafiki, hilo silipingi hata kidogo, lakini ile ya kwanza alikuwa na fungu lake na anaweza kusema naondoka.

Suala la John Hurt, mtu asiye na ulemavu kukaa masaa kwenye mekapu acheze nafasi hii, kwa 1980 naliacha lipite, kaigiza vizuri mno na ile mekapu ndio ilifanya watu walalamike mpaka Oscar ikaanzisha tuzo ya mekapu mwaka uliofuata. BBC kurudia hivyo hivyo 2018, kumtangaza mwigizaji Charlie Heaton awe Merrick wakati kuna waigizaji wenye ulemavu wa sura wanatafuta kazi, hapo sioni utetezi.

Muvi bado nitaipendekeza kwa mtu yeyote. Ila atakayeitengeneza tena aanzie Leicester, kijana anaandika ile barua kwa Torr, anajipigia debe mwenyewe.